Fundi wa Choo cha Angani

Mama yake Lidia Zabelina alikuwa msimamizi wa hamamu ya umma katika mji mdogo wa wakata miti kando ya mto Vetluga, na kwa miaka thelathini hakuna mwanamke wa mji ule aliyeoga Jumamosi bila kwanza kupita mbele ya macho yake. Aliitwa Agrafena. Aligawa sabuni, shuka na mafungu ya matawi ya kujichapia mgongo, na juu ya hivyo aligawa maoni bila kuombwa: nani kanenepa, nani kapigwa, nani ana mimba ambayo mumewe bado hajaambiwa. Lidia alikulia humo, ndani ya mvuke, kati ya mabomba. Akiwa na miaka tisa alijua kufungua boila bila kuungua. Akiwa na kumi na miwili alimwambia fundi wa manispaa, mzee aliyekuwa akinuka pombe tangu asubuhi, kwamba amefunga mpira wa koki kinyume. Fundi akamtukana. Halafu akaugeuza.

Mtoto wa namna hiyo, uhandisi haumwepuki. Alisomea mjini Gorki, akafaulu vizuri, akapangiwa kazi kwenye karakana moja nje ya Moscow ambayo jina lake lilikuwa siri kubwa ya taifa, ingawa kondakta wa basi alilitangaza kila siku kwa sauti ya juu kituo kilipofika. Pale zilitengenezwa zana za kuwaweka watu hai angani. Vijana wa kiume walioingia pamoja naye walipewa kazi za hewa na maji. Lidia alipewa choo.

Alilia siku moja, kisha akazama kazini, na hapo akagundua kwamba wenzake ndio walioonewa. Hewa ni hewa tu. Lakini kumfanya mtu ajisaidie mahali ambapo hakuna chini wala juu, bila kitu kurudi kumsalimu usoni, hiyo ni kazi ya akili. Choo cha angani hakina maji ya kuflashi. Kina upepo unaovuta, pampu inayozunguka, na koki nne zinazofunguliwa kwa mpangilio mmoja tu. Ukikosea mpangilio, utajuta, na wenzako watajuta zaidi.

Mwaka wake wa tatu pale, mkubwa mmoja aliamua kwamba safari fulani lazima iwe na mwanamke. Wakubwa wa karakana wakakumbuka ghafla kwamba choo chao kilikuwa kimepimwa na wanaume peke yao. Kikaitishwa kikao. Wanaume kumi na mmoja wenye shahada walikaa kuzunguka meza wakiangalia viatu vyao, hakuna aliyethubutu kutaja sehemu inayohusika, mpaka mwenyekiti akakohoa na kumwomba Lidia Porfiryevna, akitaja na jina la baba yake kwa heshima, kwa kuwa yeye yumo humu, atoe mawazo. Lidia alisimama, akachukua chaki, akachora ubaoni bila aibu yoyote kitu alichokiona kila Jumamosi tangu utoto wake, akaweka na vipimo. Wawili waliomba ruhusa kwenda kuvuta sigara.

Kifaa kipya kilipokamilika, kilitakiwa kujaribiwa kwenye ndege inayopanda na kujitupa chini makusudi, ili kwa sekunde ishirini na tano waliomo waelee. Mwanamke wa kukijaribu alikuwa mmoja tu. Basi Lidia alikuwa akinywa lita moja ya chai, anapanda ndege, anafungwa mikanda nyuma ya pazia, anasubiri kengele. Sekunde ishirini na tano. Ukichelewa, unajizuia hadi mpigo unaofuata, ndege ijitupe tena. Alifanya hivyo mipigo arobaini na miwili kwa wiki tatu, huku nje ya pazia marubani na mafundi wakitapika kwenye mifuko kama watoto kwenye basi la shule. Yeye hakutapika hata mara moja. Daktari wa ndege, mtu mwembamba aliyeitwa Arkadi Lvovich, ambaye mwenyewe alikuwa amejaza mifuko miwili, alimwangalia akitoka nyuma ya pazia anauliza kama kuna sandwichi. Akamwambia ajaze fomu za kujiunga na kikosi cha wanaanga. Lidia alidhani anataniwa.

Nyumbani alikuwa na mume, Gleb, mwalimu wa jiografia ambaye alikuwa anaogopa kupanda ngazi kubadilisha balbu. Alimweleza habari ile wakila viazi. Gleb alimeza kiazi, akauliza kama wanaanga wanapewa nyumba yenye bomba la maji moto. Lidia akasema wanapewa. Gleb akasema basi, ajaze.

Kwenye jopo la madaktari walimzungusha kwenye kiti mpaka wao wenyewe wakaona kizunguzungu. Mzee mmoja mwenye nyota za jenerali mabegani alifunga faili lake na kumuuliza mumewe anasemaje kuhusu jambo hili.

"Anauliza bomba," alijibu Lidia.

Jenerali aliandika kitu. Wiki mbili baadaye walihamia Mji wa Nyota, makao ya wanaanga, kwenye nyumba ya ghorofa katikati ya msitu wa misonobari, na maji ya moto yalitoka siku nne kwa wiki.

Watu hudhani mwanaanga ni mtu wa kuruka. Mwanaanga ni mtu wa kusubiri. Lidia alisubiri miaka kumi na miwili. Alifundishwa kusoma nyota, kung'oa jino, kushona kidonda, kukaa siku tatu kwenye theluji na wanaume wawili na paketi ya biskuti. Safari yake ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya hitilafu ya mtambo. Ya pili aliikosa kwa sababu ya mimba, na Tosya, binti yake, alipozaliwa, mkuu wa kikosi alituma maua na barua yenye harufu ya lawama. Ya tatu kiti chake alipewa mgeni kutoka nchi rafiki, mtu mpole sana aliyeuliza mara tatu kama dirisha linafunguka. Nchi yenyewe ikabadilisha jina na bendera, yeye bado yuko kwenye foleni. Kule Vetluga, Agrafena alikuwa akiwajibu wateja wa hamamu kwamba binti yake hajambo, anasubiri zamu yake, na kwamba mbele yake kuna wajinga kadhaa wenye barua za utambulisho.

Kilichomuumiza zaidi kuliko kusubiri ni Kanali Valeri Grigoryevich Sukhov. Sukhov alikuwa ameruka mara tatu, alikuwa na kidevu cha sanamu, meno mawili ya dhahabu na pengo la jino la tatu, na alisifika kwamba tumbo lake ni la chuma: angani wote huugua siku za mwanzo, yeye kamwe. Alikuwa akisema hivyo mwenyewe, mara nyingi, hasa penye wanawake. Siku moja kantini, mbele ya meza nzima, alisema kumchukua mwanamke angani ni kubeba mizigo miwili, yeye na kioo chake. Watu walicheka. Lidia naye alitabasamu, akamaliza supu yake ya kabichi, akarudisha trei. Gleb alimuuliza jioni ile kwa nini hakumjibu. Akasema mtu wa namna ile ukimjibu anapata chakula cha mwaka mzima.

Halafu, mwezi wa pili wa mwaka ule wa baridi kali, choo cha kituo cha angani kilikufa.

Kwenye televisheni haikusemwa hivyo. Ilisemwa kwamba wanasayansi wamepanga utafiti wa haraka kuhusu mwendo wa vimiminika. Lakini Mji wa Nyota mzima, mpaka muuza mkate, ulijua kwamba wanaume wawili waliokuwa kule juu walikuwa na siku kumi na saba wanatumia mifuko, kwamba mifuko inakaribia kwisha, na kwamba mazungumzo yao na dunia yalikuwa yamegeuka kuwa matusi. Walisomewa maelekezo kwa redio. Wakayafuata. Pampu ilikohoa, ikatema kila ilichokuwa nacho, ikanyamaza. Chombo kilichofuata kilikuwa na viti vitatu na kiongozi wake alikuwa Sukhov. Mkuu wa kikosi alimwita Lidia ofisini, akazungukazunguka sana na maneno makubwa juu ya imani ya taifa, mpaka Lidia akamhurumia na kumuuliza kama ni kile choo. Mkuu akasema ndiyo, ni choo.

Gleb alipiga simu Vetluga kumpa mama mkwe habari. Agrafena akasema, "Miaka yote ile ya shule, na mwisho kaitwa kuzibua. Mwambie avae soksi za sufu."

Asubuhi ya kuruka, kule Baikonur, kwenye uwanja wa kurushia roketi, kuna mila. Basi linalowapeleka wanaanga kwenye roketi husimama katikati ya nyika, wanaume hushuka, hufungua mavazi yale ambayo mafundi wamehangaika nusu saa kuyafunga, na kukojolea gurudumu la nyuma la kulia, kwa sababu wa kwanza kabisa kuruka alifanya hivyo na alirudi salama. Sukhov alisimama mlangoni mwa basi, akamgeukia Lidia kwa heshima ya kejeli, akasema bibi anaweza kubaki kitini, mila hii haimhusu. Lidia alifungua mfuko wa pajani, akatoa kichupa ambacho zamani kilikuwa cha dawa ya kikohozi ya Tosya, akashuka, akachuchumaa kwa shida mbele ya gurudumu, akamwaga. Kisha akakipangusa kichupa na kukirudisha mfukoni.

"Hicho ulikijaza saa ngapi?" aliuliza Sukhov.

"Alfajiri. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mitano, Valeri Grigoryevich. Huwa sisubiri gurudumu."

Mhandisi wa safari, kijana mnene aliyeitwa Mansur, alicheka mpaka fundi wa mavazi akamkemea kwamba atapasua mshono.

Waliruka. Lidia alikuwa amejiandaa kwa hofu, lakini alichokumbuka baadaye ni uzito, kama wateja wote wa hamamu wa Jumamosi moja wamemkalia kifuani, kisha ghafla wote wameinuka na kwenda zao. Penseli ya Mansur ikaelea mbele ya pua yake. Alitaka kuwaza jambo kubwa. Aliwaza kwamba soksi za sufu zinawasha.

Kituoni, mlango ulipofunguliwa, harufu ndiyo iliyotangulia kuwakaribisha. Wenyeji wawili, wenye ndevu na macho mekundu, walimpita Sukhov na kidevu chake wakamkumbatia Lidia. Hapakuwa na hotuba. Alifunga nywele, akavaa glavu, akaweka tochi mdomoni, akaingia nyuma ya ukuta, na kwa siku sita miguu yake tu ndiyo ilionekana.

Siku ya kwanza Sukhov hakutoka kwenye mfuko wake wa kulalia. Alisema kwa redio kwamba anapitia nyaraka.

Siku ya sita Lidia alifungua tumbo la pampu. Mabawa yake yalikuwa yamekwama, na kilichoyakwamisha hakikuwa uchafu wa kawaida, ambao alikuwa ameshauona wa kila aina. Kilikuwa kitu kidogo, kigumu. Alikiosha, akakiweka kwenye mwanga. Lilikuwa jino la dhahabu.

Alikaa nalo muda, akielea kichwa chini nyuma ya ukuta ule. Karakana nzima ilikuwa imelaumiwa kwa pampu ile. Arkadi Lvovich aliwahi kusimulia kwamba Sukhov alirudi kutoka safari yake ya tatu akiwa na jino pungufu, na akasema kuwa limeng'oka kwa kishindo cha kutua. Sasa, jino lililong'oka wakati wa kutua limefikaje kwenye bomba la choo cha kituo? Kuna njia moja tu. Mtu ameinama mbele ya choo, siku ya kwanza au ya pili, anatapika kwa nguvu zote za tumbo lake la chuma. Na jino limekaa ndani ya bomba miaka mitatu, likisogea taratibu kuelekea kwenye pampu.

Angeweza kulitangaza kwa redio. Saa ile ile palikuwa na mawasiliano, na chini walikuwa wanasikiliza watu sitini, pamoja na nusu ya wale waliocheka kantini. Alilifikiria jambo hilo kwa raha kubwa, kama mtu anayenusa keki kabla ya kuikata. Kisha akaenda kumtafuta Sukhov, akamkuta peke yake kwenye baiskeli ya mazoezi, akamfunulia kiganja.

Sukhov aliacha kukanyaga. Alilitazama jino, akamtazama yeye.

"Umeliosha?"

"Mara tatu."

"Nilitapika siku nne," alisema Sukhov kwa sauti ya chini. "Safari zote tatu. Na hii pia. Hakuna anayejua."

"Sasa anajua mmoja."

"Utaandika nini kwenye ripoti?"

"Nilichokiona. Kipande cha chuma, cha manjano."

"Hayo ya manjano, Lidia Porfiryevna…"

"Haya. Kipande cha chuma."

Alimwachia jino lake, akarudi nyuma ya ukuta, akafunga pampu, akafungua koki nne kwa mpangilio. Mngurumo ulipoanza, wenyeji wale wawili walipiga makofi, na kukawa na mabishano makali juu ya nani atangulie. Sukhov hakugeuka kuwa malaika. Aliendelea kujisifu na kukoroma, lakini tangu siku ile alimwita kwa jina lake kamili, na zamu yake ya kufagia vumbi aliifanya.

Lidia alikaa juu miezi miwili. Mtangazaji wa televisheni alimuuliza mbele ya nchi nzima kama anawapikia wanaume. Alipoanza kueleza kwamba hapana, yeye anashughulika na upande wa pili wa chakula, sauti ikakatika na kukapigwa muziki. Katika wiki ya tano mawingu yalipasuka na akauona mto Vetluga, uzi mwembamba kwenye msitu, kwa muda usiofika dakika. Aliwaita wenzake waje. Sukhov alibandika uso dirishani, akasema ni mto mwembamba kweli. Lidia alibaki dirishani mpaka mawingu yakaufunika.

Walitua kwenye nyika ya Kazakhstan, kilomita nyingi kutoka walipotarajiwa, chombo kikabiringika na kulala ubavu. Helikopta zilikuwa bado zinawatafuta. Aliyefika kwanza ni mwanamke wa makamo kwenye pikipiki yenye kitoroli cha pembeni, amevaa koti la kondoo na miwani ya kuchomelea vyuma. Aliitwa Bibigul, na alikuwa na kesi.

"Ninyi ndio mnaoniangushia vyuma huku?" aliuliza, akiinama mlangoni. "Kondoo wangu wametawanyika mpaka bondeni."

Sukhov, aliyekuwa kijani usoni, alikuwa ameziba mdomo kwa glavu. Lidia aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Bibigul alimvuta kwa makwapa kama anayemtoa mwanakondoo tumboni, akamkalisha kwenye majani, akamfunika koti, akampa maziwa ya farasi yaliyochacha kutoka kwenye chupa. Lidia hakuweza kuinua kichwa. Shingo ilikuwa imesahau uzito wake. Bibigul aliuliza alikuwa anafanya nini huko juu, mama mzima. Lidia akasema alikuwa anatengeneza choo.

Bibigul alifikiri.

"Na pampu ya kisima unaweza?"

Helikopta zilipotua, daktari alimkuta mwanaanga wa taifa amelala chali, hawezi hata kusimama, akichora kwa kidole kwenye vumbi namna ya kubadilisha mpira wa pampu.

Hakuruka tena. Alipewa nishani, alizungushwa mashuleni, na mkuu wa kikosi alimwandikia hotuba kuhusu ndoto na nyota, lakini watoto walimuuliza swali lile lile moja, na yeye akalijibu kikamilifu mpaka walimu wakaomba aache. Baada ya miaka miwili madaktari walimkuta na kijiwe kwenye figo, wakamfutia safari zote. Alikasirika vibaya. Mwezi mzima hakuzungumza na mtu isipokuwa Tosya, na Gleb alikuwa akimwachia chai mlangoni mwa chumba na kuondoka kwa kunyata. Kisha siku moja akaoga, akavaa, akaenda kwa mkuu na kumwambia anataka kufundisha. Somo lake lilikuwa choo, na bila kulifaulu hakuna aliyeruka.

Aliwafelisha watu wakubwa. Rubani mmoja wa ndege za kivita, Yegor, kijana mzuri wa sura na anayelijua hilo, alifelishwa mara mbili mfululizo, kwa kuchanganya koki ya pili na ya tatu.

"Mimi ni rubani wa kivita, Lidia Porfiryevna," alilalamika.

"Najua, mwanangu. Lakini kule utakaa, hutapiga mtu. Rudia."

Alirudia, akafaulu, akaruka. Siku moja ya mwezi wa nane, Lidia akiwa kwenye nyumba yao ya shambani anapanga matango kwenye mitungi ya achari, simu ililia, na sauti ya mbali yenye mikwaruzo ikamsalimia kwa unyenyekevu mkubwa. Ilikuwa ya Yegor, kutoka kituoni. Alikuwa anauliza, samahani sana kwa usumbufu, baada ya upepo ni koki ipi inafuata. Lidia alibana simu kwa bega, mikono yake ikiwa na maji ya chumvi hadi viwikoni, akamwambia ni ya bluu, si ya kijani, na asubiri kwanza hadi ahesabu kumi. Akangoja kwenye simu. Mngurumo ulipoanza, akakata.

Gleb, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu, aliuliza ni nani.

"Mtu wa juu," alisema Lidia. "Kitunguu kimoja zaidi, huu mtungi ni mkubwa."